Tochi ya LED niliyoiunga mwenyewe inafifia na kugeuka bluu baada ya dakika 5. Ni betri?

Mzalishaji_Bagira

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mzalishaji, kituo chetu cha afya kiko Bagira, hapa Bukavu. Nina shida na tochi niliyoiunga kwa mikono yangu. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana sijui ni lipi kati ya haya litawaonyesha ugonjwa wake uko wapi.

Kwanza mjue kwa nini naihangaikia. Umeme ukikatika usiku, mtoto hangoji urudi. Miaka mingi nimezalisha kwa mwanga wa simu. Bibi ya mtoto ndiye anashika simu, na binti yake akilia kwa uchungu mkono wa bibi unatetemeka, mwanga unahamia ukutani wakati mimi nina sindano mkononi nashona. Taa za kichwa za sokoni, zile za betri tatu ndogo, nimenunua nne. Moja ilidumu miezi miwili, nyingine wiki tatu.

Basi mwezi wa pili mpwa wangu anayefanya biashara Kampala akaniletea mfuko wa vipande vya tochi, dola 16. Ndani mlikuwa na mwili mweusi wa aluminiamu, kiakisi, kioo, LED moja kubwa iliyokaa juu ya kibamba chenye umbo la nyota, draiva (kile kibodi cha mviringo kinachopima umeme unaokwenda kwenye LED), swichi ya nyuma, springi mbili, ringi za mpira, na waya mbili fupi, nyekundu na nyeusi. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina tupu, nikafuata picha. Chuma cha kulehemu niliazima kwa kijana jirani anayetengeneza redio. Koleo ndogo sina, kwa hiyo waya nilizibana kwa pensi ya Kocher, moja ya zamani ambayo meno yake yameisha na hatuibanii kitovu tena. Ilinifaa kabisa: inashika na kujifunga yenyewe, mikono yote miwili inabaki huru. Ilipowaka mara ya kwanza niliwaamsha watoto wangu waje kuiona.

Halafu nikaifunga kwenye mkanda wa elastiki nilioushona, inakaa juu ya sikio la kulia.

Sasa shida. Inawaka kwa nguvu sana, chumba kizima kinakuwa cheupe. Baada ya dakika 4 au 5 inaanza kufifia, na rangi inageuka, inakuwa ya bluu-bluu kama mwanga wa televisheni kwenye chumba chenye giza. Nikiizima robo saa inarudi kuwa nzuri, kisha inafifia tena. Betri ni ya 18650 (ile ya lithiamu ya mviringo), niliitoa kwenye betri ya laptop iliyokufa.

Juma lililopita, saa 8 usiku, nilipokea mtoto wa kike. Alilia, lakini si kwa nguvu. Dakika ya kwanza nilimpa Apgar 8 kati ya 10. Kwa wasioijua, hizo ni alama tunazompa mtoto dakika ya 1 na dakika ya 5 baada ya kuzaliwa: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, jinsi anavyoshtuka, na rangi. Rangi ya watoto wetu weusi huwezi kuisoma mgongoni, tunaangalia ulimi, midomo, viganja na nyayo. Dakika ya 5 nikamfungua mdomo, nikaona ulimi wa bluu. Damu ilinikauka. Nilikuwa nimeshanyanyua puto la kumpulizia hewa wakati bibi yake, aliyekuwa na mshumaa pembeni kwa ajili ya sala, aliposogea kuona. Kwenye mwanga wa ule mshumaa ulimi wa mtoto ulikuwa mwekundu kama wa mtoto yeyote. Nikaweka sikio kwenye stetoskopu: mapigo 140. Alikuwa mzima. Tochi ndiyo iliyonidanganya.

Tangu usiku ule sijaivaa. Lakini sitaki kuitupa, nimeiunga mimi. Je, ni betri? Au kuna kitu nilikiharibu wakati wa kulehemu?

Kijana_wa_Nyawera

Mama, hiyo ni betri tu. Betri za laptop za kuokota zote zimechoka. Nunua mpya.

Fundi_Kadutu

Mama, pole na kazi, na Mungu amlinde huyo mtoto. Usinunue betri bado. Betri iliyochoka inafifisha mwanga, ni kweli, lakini haibadilishi rangi kuwa bluu namna hiyo. Nijibu mambo matatu.

Moja: ikishafifia, shika mwili wa tochi karibu na kichwa. Una joto au ni baridi?

Mbili: kile kibamba cha nyota ulikishikiza kwa nini?

Tatu: kwenye draiva kuna vichipu vyeusi vidogo, kila kimoja kina miguu mitatu upande mmoja. Vihesabu, pande zote mbili za bodi.

Mzalishaji_Bagira

Aksanti Fundi. Nimeifungua asubuhi hii baada ya zamu.

Mwili ni baridi. Nilifurahi hata, nikajua haitaniunguza sikio. Ni baridi kama chupa ya maji.

Nyota niliishikiza kwa gundi ya viatu, kwa sababu kwenye mfuko hapakuwa na gundi yoyote na nyota ilikuwa inacheza. Nilipaka ya kutosha ili isitoke.

Vichipu ni 8, vinne juu na vinne chini. Nimesoma kwa miwani ya kushonea, vimeandikwa 7135.

Fundi_Kadutu

Tumeshaupata ugonjwa. Mama, tochi yenye nguvu hiyo kukaa baridi baada ya dakika tano si afya, ni ugonjwa wenyewe. Inatakiwa ipate joto mkononi mwako. Nitaeleza.

Kila kichipu cha 7135 kinapitisha miliampea 350. Vyako ni 8, kwa hiyo LED inakula ampea 2.8. Zidisha kwa volti 3 na kitu zinazobaki juu ya LED, unapata karibu wati 9. Zaidi ya nusu ya hizo wati hazitoki kama mwanga, zinabaki kuwa joto, na joto lote linazaliwa kwenye kitu chenye ukubwa wa punje ya mahindi. LED haina namna ya kulitupa hewani yenyewe. Inategemea literemke: kutoka kwenye LED kwenda kwenye nyota, kutoka kwenye nyota kwenda kwenye ukingo wa aluminiamu nyota inapolalia, kutoka hapo kwenda kwenye mwili wote, mpaka kwenye mkono wako na kwenye upepo. Wewe katikati ya njia hiyo ulitandika gundi ya viatu. Gundi ya viatu ni mpira. Ni kama kumfunika mgonjwa wa homa blanketi tatu halafu kumgusa juu ya blanketi na kusema hana joto.

Usijilaumu, mfuko wenye vipande bila pasta ya joto ni mfuko pungufu, na aliyeupanga ndiye aliyekosa.

Fanya hivi. Ondoa waya mbili kwenye nyota kwa chuma cha moto. Ng'oa nyota polepole, usiikunje. Gundi yote ikwangue. Wembe wa bisturi (kisu cha upasuaji) uliotumika utakufaa kuliko kisu changu, lakini lala nao, usichimbe aluminiamu. Kisha futa pande zote mbili kwa alkoholi, mnayo hapo materinite, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Angalia ukingo wa kulalia nyota kwa kuinamisha kwenye mwanga: ukiona mikwaruzo au vinundu, sugua kwa msasa laini kabisa. Halafu pasta. Ni ile nyeupe au ya kijivu wanayoweka watengenezaji wa kompyuta chini ya feni. Kiasi cha punje moja ya mchele, basi. Kazi yake ni kujaza vinyweleo ambavyo jicho halivioni. Chuma kwa chuma ndicho kinachopitisha joto, ukiipaka nene unarudi kule kule kwenye gundi. Weka nyota, izungushe kidogo huku umeikandamiza mpaka uhisi imenyonya. Kitakachoishikilia ni kiakisi: ukifunga kichwa kinaibana chini. Ndiyo maana ilikuwa inacheza, Mama, ulikuwa hujakifunga kiakisi.

Kabla ya kufunga weka kile kipete cheupe cha plastiki kati ya LED na kiakisi. Kina kazi mbili: kuiweka LED katikati, na kuzuia aluminiamu ya kiakisi isiguse vile viungo viwili vya lehemu. Ikigusa, ni shoti. Pima kwa testa: kati ya plasi na mwili wa nyota isilie, kati ya minasi na mwili wa nyota isilie.

Kuhusu kulehemu kwako, tazama tena viungo. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala kama maji kwenye sahani safi. Kibaya kimekaa kama tone kwenye jani la magimbi, kimesimama peke yake hakijashika kitu. Nyota inanyonya joto haraka, ndiyo kazi yake, kwa hiyo chuma kidogo cha jirani kinashindwa. Iweke nyota juu ya pasi ya nguo iliyowashwa kidogo kwa dakika mbili, kisha lehemu. Tumia eteni (waya wa kulehemu) yenye risasi ndani, ile ya bati 63 kwa risasi 37, inayeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi inataka zaidi ya 217 na itakutesa. Nawa mikono ukimaliza.

Na hiyo eteni ni bati, Mama. Kasiterite wanayochimba hapa Kalehe, na kule Walikale, ndiyo jiwe linalotoa bati, na karibu nusu ya bati yote inayotumika duniani inaishia kwenye kulehemu. Mimi kila nikifungua koili mpya naifikiria safari yake.

Jambo la mwisho. Ampea 2.8 za nini? Hiyo ni tochi ya kumulika ng'ambo ya bonde, wewe unamulika sentimita 50. Toa vichipu 6, bakiza 2. Utabaki na miliampea 700, wati kama 2 tu. Joto litakuwa chini ya robo ya lile la mwanzo, na betri yako hata kama imebaki na miliampea-saa 2000 itakupa karibu saa 3 badala ya dakika 40. Vichipu vimefungwa sambamba, ukitoa kimoja vingine havijui. Lakini mgongo wa kila kimoja umelehemiwa kwa upana, usijaribu kwa chuma cha kuazima, utang'oa njia za bodi. Njoo nayo sokoni Kadutu, ni kazi ya robo saa.

Kadogo_K

Kama pasta ya joto haipatikani, dawa ya meno nyeupe inafanya kazi ile ile. Mimi niliweka kwenye laptop.

Fundi_Kadutu

Ndugu yangu, inafanya kazi siku chache. Dawa ya meno inashika joto kwa sababu ina maji. Maji yakishakauka inapasuka kama udongo wa kiangazi na hewa inaingia. Kwa tochi ya kumtafutia mbuzi, sawa. Kwa tochi ya mtu anayeshona mzazi saa 8 usiku, hapana.

Mwalimu_wa_Fizikia

Nimesoma habari ya yule mtoto na mshumaa mara mbili, na ningependa kuongeza jambo ambalo marekebisho ya Fundi peke yake hayatalimaliza. Mama, tochi yako ilikudanganya zaidi ilipopata moto, lakini hata ikiwa baridi haikuambii ukweli wote.

LED nyeupe, kwa asili yake, si nyeupe. Ndani kuna kipande kinachotoa mwanga wa bluu, na juu yake wamepaka unga wa njano unaonyonya sehemu ya bluu na kuirudisha kama kijani, njano na nyekundu kidogo. Vikichanganyika, jicho linasema ni nyeupe. Ndiyo maana dunia ilingoja mpaka ipatikane LED ya bluu yenye mwanga mkali, iliyotoka Japani mwaka 1993. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014. Ile nguo ya njano ikipata moto kupita kiasi inashindwa kazi yake, bluu inapita bila kubadilishwa. Hiyo ndiyo bluu uliyoiona.

Sasa fikiri kuhusu ulimi. Ulimi wa mtoto mwenye hewa ya kutosha ni mwekundu kwa sababu damu inarudisha mwanga mwekundu na kunyonya mwingine. Lakini ulimi hauwezi kurudisha rangi ambayo haujapewa. Ukiumulika kwa mwanga usio na nyekundu ya kutosha, hata damu iliyojaa oksijeni itaonekana ya kijivu au ya zambarau. Mshumaa ni dhaifu, lakini ni moto, na moto unatoa rangi zote mfululizo bila pengo, nyekundu kwa wingi. Kwa hiyo bibi aliyeshika mshumaa alikuwa na kipimo bora kuliko chako usiku ule, na nafurahi alisogea.

Uaminifu huo wa rangi una namba yake, inaitwa CRI. Jua na moto ni 100. LED nyingi za bei ya chini ziko karibu na 70. Wewe usikubali chini ya 90. Na uliza pia namba ya R9, ambayo ni nyekundu iliyokolea, kwa sababu ile CRI ya jumla ni wastani wa rangi nane zilizopauka na R9 haimo. LED inaweza kuwa na CRI nzuri kwenye karatasi na bado ikawa maskini wa nyekundu. Kisha chagua nyeupe ya kelvini 4000 hivi, si 6500 (namba ikipanda, nyeupe inaelekea bluu). Hizo 6500 ndizo zinazopendwa sokoni kwa sababu zinaonekana kali.

Kipimo cha nyumbani: kaa gizani na nyanya iliyoiva, mshumaa upande mmoja, tochi upande wa pili. Nyanya ikififia rangi upande wa tochi, umeshajua.

Mwangalie mtoto wa manjano pia kwa tahadhari hiyo hiyo. Tochi ya bluu inaweza kuificha manjano ya macho.

Fundi_Kadutu

Mwalimu amesema vizuri, na mimi nilikuwa nimefikiria joto tu. Mama, ninazo LED mbili za Nichia 219B, aina ya CRI ya juu, zilizobaki kwenye kazi ya mpiga picha wa harusi. Zimeshakaa juu ya nyota zao. Zinavumilia mpaka ampea 1.5, kwa hiyo zile miliampea 700 zitakuwa mapumziko kwao. Angalizo moja: ni ndogo kuliko yako, kipete chako cheupe tundu lake litakuwa kubwa na LED itakwenda pembeni, mwanga utatoka na doa jeusi katikati. Nitakukatia kipete kingine. Hii moja chukua, usinilipe. Mke wangu alijifungulia Bagira.

Mvuvi_Idjwi

Jambo Mama. Sisi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, taa ndiyo jembe letu. Tunaunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wavu unashuka katikati, taa inaita samaki. Baba yangu alitumia taa za petroli za kupampu, mimi niko kwenye LED. Kwa hiyo nina mambo mawili niliyojifunza kwa hasara.

La kwanza, ringi za mpira. Usipake vaselini. Nilipaka, mpira ukavimba ukatoka kwenye mfereji wake, na ziwa likaingia. Tafuta mafuta ya silikoni, kidogo tu, na ufute nyuzi za aluminiamu (ile mizunguko ya kufungia) kwanza, mchanga ndio unaokula ringi.

La pili, betri ya akiba. Beba, ndiyo, lakini isikae huru mfukoni mwa koti lako jeupe pamoja na funguo au sarafu. Mwenzangu ilimshika moto kwenye suruali, ana kovu pajani mpaka leo. Mimi naiweka ndani ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, naikunja pande zote mbili.

Na uichaji kwa chaja inayojizima kwenye volti 4.2. Ukipima betri ya kuokota ukaikuta chini ya volti 2, usiifufue. Hata ikikubali kuchaji, usiiweke karibu na kichwa chako.

Mzalishaji_Bagira

Ndugu zangu, nimerudi baada ya majuma matatu kuwaambia.

Gundi ilinichukua saa nzima kuikwangua. Ilikuwa imeungua, chini ya nyota imegeuka kahawia na kunuka kama kiatu kilichosahauliwa jikoni. Nikaelewa hapo ni joto gani lilikuwa limefungiwa. Jumamosi nikateremka Kadutu, nikamkuta Fundi katikati ya redio zake. Alitoa vile vichipu 6 mbele yangu: anaweka tone la eteni mbichi juu ya kila kimoja, anangoja, halafu kinateleza chenyewe kama yai kwenye mafuta. Kimoja hakikutaka, akakiacha kipoe, akarudi kwake mwisho. Hakukivuta. Nilipenda hilo, kondo la nyuma nalo ni vivyo hivyo, ukivuta kwa haraka umeua.

Kulehemu LED mpya nilimwomba aniache nifanye mwenyewe. Niliiweka nyota juu ya sahani ya pasi kama alivyosema, na safari hii lehemu ililala. Ilinyonywa pembeni mwa waya na kung'aa. Pasta punje moja ya mchele. Kipete alichokata kwa kadi ya zamani ya simu. Tukapima kwa testa, haikulia.

Sasa inapata joto. Baada ya dakika 10 mwili ni vuguvugu kama kikombe cha chai kilichoachwa kidogo mezani, na mwanga ni ule ule. Niliijaribu nyumbani kwa saa 2 na dakika 40 kabla haijaanza kushuka, na nilikuwa nimekaa nayo nikishona sare za shule. Ni hafifu kuliko ya kwanza, sitaficha, na mwanzoni nilihisi nimepoteza. Lakini ya kwanza ilikuwa inaniumiza macho ikipiga kwenye shuka jeupe, nikitazama pembeni sioni kitu. Hii hapana.

Mwalimu, nilifanya ile ya nyanya. Halafu nikamwita binti yangu wa darasa la tatu atoe ulimi, mshumaa huku, tochi huku. Ni ulimi mmoja. Tochi ya zamani ya sokoni nilipoileta, ulimi ukawa wa maiti. Mtoto akacheka alivyojiona kwenye kioo, mimi sikuweza kucheka, nilikuwa nahesabu ni watoto wangapi nimewasoma kwa ule mwanga.

Nimeshazalisha nayo watatu. Wa tatu alitoka na kamba shingoni, amechoka, na dakika ya kwanza kweli alikuwa wa bluu. Niliiona bluu hiyo, nikajua ni yake si ya tochi. Nikampangusa, nikamsafisha mdomo, nikampulizia, na nikaona rangi inavyoingia: midomo kwanza, kisha ulimi, viganja mwishoni kabisa. Dakika ya 5 nilimwandikia 9 kwenye kitabu, na nilikuwa na hakika ya kila alama.

Nina swali moja tu limebaki. Kila baada ya uzazi vifaa vyetu tunavipitisha kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5. Tochi nimekuwa nikiifuta kwa kitambaa chenye hayo maji, na naona karibu na nyuzi za kichwa rangi nyeusi imeanza kupauka, kuna vumbi jeupe. Je, inaingia ndani? Na mkanda wa elastiki umeanza kulegea.

Fundi_Kadutu

Hilo vumbi jeupe ni aluminiamu inaliwa, Mama. Ile rangi nyeusi ndiyo ngozi yake, klorini inaitoboa, ikikauka juu yake inaendelea kula. Ndani haijafika kama ringi ziko sawa. Damu ikiigusa usiiache, lazima uifute kwa klorini, lakini usiitumbukize na usiiache ikaukie. Ngojea zile dakika zenu za kuua vijidudu, halafu pitisha kitambaa chenye maji safi mara mbili, halafu kikavu, halafu alkoholi kwenye nyuzi. Isipoguswa na damu, alkoholi peke yake inatosha.

Mkanda, klorini inaua elastiki, hakuna dawa. Shona mitatu, uwe unabadilisha, na uiloweke peke yake bila tochi. Jumamosi ukishuka pita, nina ringi mbili za akiba na kile kioo cha mbele nitakibadilisha, nilikiona kina ufa pembeni.

Mzalishaji_Bagira

Ule ufa niliufanya mimi, ilinidondoka sakafuni usiku wa yule wa tatu. Jumamosi niko zamu mpaka saa 8 mchana, nitapita baadaye. Aksanti sana, Fundi, Mwalimu, na wewe mwanangu wa Idjwi. Kipande cha ndani cha baiskeli nimeshakikata.